Kahe Stesheni: nani bado anaikumbuka njia ya Taveta?

BintiStesheni · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Wazee wote mliomo humu, shikamooni.

Naandika kutoka Pasua, Moshi. Baba yangu alikuwa msaidizi wa stesheni masta pale Kahe kuanzia 1971 hadi alipohamishiwa Korogwe mwaka 1984. Sasa ana miaka 78. Wiki iliyopita alishikwa na homa kali, tukawa tunakesha naye kwa zamu. Usiku wa pili akaanza kuongea usingizini. Hakumwita mama, wala hakutuita sisi. Alikuwa anasema: "Taveta, Taveta, Kahe hapa. Njia iko wazi?" Ananyamaza kama mtu anayesubiri jibu, kisha anarudia.

Homa iliposhuka nikamuuliza. Mzee wangu si mtu wa maneno, lakini asubuhi ile aliongea mpaka uji ukapoa. Nikagundua kwamba nimekula, nimevaa na nimesoma kwa mshahara wa kazi ambayo sikuwahi kuijua inafanywaje.

Kwa asiyepajua, Kahe ni uwanda wa chini, kusini mashariki ya mji wa Moshi, kama kilomita 20 hivi. Ni mpunga, mahindi, joto na mbu, na ukiamka mapema unauona Mlima wote kabla mawingu hayajaukalia. Reli ya kutoka Tanga inapita hapo kwenda Moshi na Arusha. Na hapohapo ndipo ilipokuwa ikichepuka njia nyingine kwenda mashariki: Taveta, Maktau, Mwatate, hadi Voi, ikaungane na reli ya Mombasa na Nairobi.

Ombi langu ni hili. Yeyote aliyefanya kazi pale, aliyepanda treni pale, aliyeuza mayai dirishani, au ambaye mzazi wake alikuwa gengi la reli, wale wa kutunza njia, kati ya Same na Moshi, aandike hapa. Msiniambie tu kwamba palikuwa pazuri. Niambieni kazi ilikwendaje, nani alishika nini, nani alimwambia nani. Kuta za stesheni zinaweza kusimama miaka mia. Mikono iliyoiendesha haina muda huo.

MpareWaLembeni · Jumatatu, saa 3:41 usiku

Dada, pole kwa kuuguza, na mzee apone kabisa.

Mimi ni wa Lembeni, stesheni ya huko chini yenu. Marehemu mama alikuwa anauza ndizi za kuchoma na maziwa mgando kwenye vibuyu. Hatukuwa na saa nyumbani. Saa yetu ilikuwa treni. Akisikia honi upande wa Same anajua amebakiwa na muda wa kufunga kitenge na kutembea hadi stesheni bila kukimbia. Abiria wa kutoka Tanga walikuwa wanateremsha machungwa ya Muheza kwenye vikapu, mama anabadilishana nao ndizi. Hela ilikuwa haigusi mkono, na wote wanaondoka wameridhika.

Daftari langu la darasa la kwanza lilinunuliwa kwa ndizi zile, ndiyo maana nimeandika.

Kokoto1911 · Jumatatu, saa 4:55 usiku

Uzi mzuri. Nimesoma historia ya reli hii kwa miaka mingi, ngoja niweke msingi ili vijana wajue Kahe ilifikaje kuwa njia panda.

Wajerumani walianza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893. Walikwenda polepole sana, fedha ziliisha njiani, serikali yao ikabidi iichukue. Korogwe walifika 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Jumla ni kilomita 352 kutoka Tanga hadi Moshi. Mataruma mengi waliyolaza, yaani vile vipande ambavyo reli inalalia, yalikuwa ya chuma, kwa sababu ya mchwa, ambao taruma la mti wanalila hadi libaki ganda.

Wakati huo Kahe ilikuwa stesheni ya kawaida tu. Kilichoibadilisha ni Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1915 Waingereza walianza kulaza reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi, kwa sababu jeshi lao lilihitaji maji, chakula na risasi katika nyika kavu ile. Machi 1916, baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata pale Taveta, Wajerumani wakarudi nyuma hadi Kahe. Tarehe 21 Machi kikosi cha farasi cha Jenerali Van Deventer, wa upande wa Waingereza, kilikamata stesheni na kilima cha Kahe. Wajerumani walikuwa wamelipua daraja la reli na kuuacha mzinga wao mkubwa, uliotolewa kwenye meli yao ya kivita Königsberg, ukiwa umeharibiwa kwa mikono yao wenyewe. Mwaka huohuo reli ya kutoka Voi ikaungana na ya Tanga. Hapo ndipo Kahe ikawa Kahe.

Sasa fikirieni jambo hili, mimi huwa halinitoki. Reli ilifika Kampala mwaka 1931. Reli ya kutuunganisha sisi na Dar es Salaam, kile kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, kilomita zipatazo 188, ilifunguliwa 1963. Maana yake kwa zaidi ya miaka 30 mtu wa Moshi aliweza kwenda Kampala kwa treni bila kuikanyaga barabara, lakini hakuweza kwenda Dar. Na kila aliyekwenda Nairobi au Kampala kwa treni kutoka Moshi alipita Kahe. Kahawa ya Mlima nayo ilikuwa na njia mbili za kufika baharini, ya Tanga na ya Mombasa, na zilikuwa zinaachania palepale kwenye uwanda wa mpunga.

NjiaPandaHimo · Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Nawaheshimu wote mlioandika, lakini niseme la moyoni. Mimi ni dereva, nimezaliwa Himo. Barabara ya Moshi, Himo, Holili hadi Taveta ni lami. Mama mwenye magunia mawili ya vitunguu anapandia Njia Panda, anashukia soko analolitaka, hasubiri ratiba ya mtu. Bodaboda inafika mpaka mlangoni kwake. Stesheni ndogo hazikuuawa na mtu, watu wenyewe walizihama kwa miguu yao. Mimi sioni kwa nini tulie.

Kama ni kuhifadhi jengo sawa. Lakini tusiwaambie watoto kwamba zamani ilikuwa bora. Babu yangu alikuwa anatembea kutoka Himo hadi Kahe na mzigo kichwani ili apande treni inayochelewa nusu siku.

BintiStesheni · Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Kaka wa Himo, ahsante kwa kusema wazi. Sijasema zamani ilikuwa bora. Baba mwenyewe anasimulia usiku wa mbu na malaria, na mishahara iliyochelewa. Ninachotaka ni kazi ile iandikwe. Babu yako aliyetembea na mzigo hadi Kahe ni sehemu ya ninachokitafuta. Alibeba nini? Alilala wapi treni ikichelewa? Ukiweza kuwauliza nyumbani, niandikie.

MstaafuTabora · Jumanne, saa 5:30 asubuhi

Wanangu, hamjambo. Nimefanya kazi ya reli miaka 33, nikapitia Chuo cha Reli Tabora, na miaka mitano kati ya hiyo nilikuwa njia ya Tanga. Nitaeleza kazi, kwa kuwa binti ameomba kazi.

Mtu wa mjini anadhani stesheni ni mahali pa kukatia tiketi. Tiketi ni jambo dogo. Reli yetu ni ya njia moja. Treni mbili zikiingia kipande kimoja kutoka pande mbili, hakuna usukani wa kukwepea. Kwa hiyo kipande chote, kutoka stesheni hii hadi inayofuata, kinaruhusiwa treni moja tu kwa wakati mmoja. Kazi ya stesheni ndogo ya kijijini ni kulinda hilo, usiku na mchana.

Inafanywa hivi. Treni iko Kahe, inataka kwenda mbele. Mtu wa Kahe anapiga simu stesheni ya mbele: "Je, njia iko wazi kwa treni namba fulani?" Mwenzake hajibu kwa mazoea. Anaangalia daftari lake la treni, aone ile ya mwisho iliyoingia kipande kile imekwishatoka. Na kutoka maana yake ameiona kwa macho yake, ameiona taa ya behewa la mwisho. Ukiiona injini imefika bila kuliona behewa la mwisho, hujaona treni. Mabehewa yanaweza kuwa yamekatika yakabaki porini. Akiridhika anatoa kibali pamoja na namba. Wa Kahe anairudia namba ile kwa sauti, wote wawili wanaandika namba na saa, ndipo karatasi ya kibali inajazwa na kupelekwa kwa dereva. Dereva asiye na karatasi haendi, hata stesheni masta akiwa ni kaka yake.

Na kupishana je? Pale stesheni kuna njia ya pembeni. Treni moja inaingia pembeni inasubiri, nyingine inapita. Mtu wa pointi anatembea na taa hadi kwenye pointi, pale njia zinapogawanyika, anageuza njia, anafunga kufuli, anarudi na ufunguo. Mvua inanyesha, nyoka wapo, simba enzi hizo walikuwepo. Hana ruhusa ya kusema "nadhani nimefunga".

Sasa wewe dereva wa Himo, nakuelewa. Lakini stesheni ile haikuwa kwa ajili ya mama wa vitunguu peke yake. Ukiondoa stesheni tatu ndogo mfululizo, kipande kinakuwa kirefu mara nne, na treni moja inakizuia saa nzima na zaidi. Njia inayopitisha treni kumi inapitisha tatu. Watu wanasema treni inachelewa, wanamlaumu dereva wa injini, kumbe treni inasubiri kipande kiachwe wazi kwa sababu mahali pa kupishania pamefungwa. Ndiyo maana stesheni yenye abiria wawili kwa siku ilikuwa na wafanyakazi wanane.

Binti, mwambie baba yako namsalimu. Maneno aliyosema katika homa ndiyo maneno yenyewe. Sisi tuliozoea simu ile hatutayasahau hata tukisahau majina ya wajukuu.

NjiaPandaHimo · Jumanne, saa 6:02 mchana

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la kupishana nilikuwa silijui. Nimesoma mara mbili. Leo jioni nampigia shangazi nimuulize habari za babu.

SanyaStesheniKwetu · Jumanne, saa 8:15 mchana

Mimi natoka Sanya Stesheni, wilaya ya Hai, njia ya Moshi kwenda Arusha. Kwenye njia ya Tanga hadi Arusha kipande hiki ndicho kipya kuliko vyote, kilifika Arusha mwaka 1929. Kijiji chetu kizima kimechukua jina la stesheni. Mtoto akizaliwa leo anaandikiwa cheti chenye neno hilo, hata kama alikua bila kuona treni hata moja. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Mwaka 2020 treni ya abiria iliporudi kwenda Arusha, bibi alitoka na kiti akakaa chini ya mgunga kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Alipoisikia alisimama. Ni hilo tu, alisimama mpaka behewa la mwisho likapita, akakaa.

Kokoto1911 · Jumanne, saa 10:40 jioni

Mzee wa Tabora, hili la behewa la mwisho sijawahi kulikuta limeelezwa namna hii. Nashukuru sana.

Dada, naomba umuulize baba kuhusu Februari 1977. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya tarehe 4 Februari, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na shirika moja la reli likawa mashirika matatu. Mpaka ulikuja kufunguliwa tena Novemba 1983, lakini njia ya Taveta haikurudi kuwa kama ilivyokuwa. Vitabu vinaeleza marais na mawaziri. Sijui hata mahali pamoja panapoeleza siku ile ilikuwaje kwa mtu aliyekuwa na simu mkononi pale Kahe.

BintiStesheni · Jumatano, saa 4:20 usiku

Nimemuuliza leo baada ya chakula cha jioni. Nilikuwa nimeshika kalamu, kwa hiyo naandika kama alivyosema.

Anasema mwenzake wa Taveta hakuwahi kumwona kwa macho. Walikuwa wanaongea kila zamu, miaka sita. Alimjua kwa sauti. Alijua akiwa na mafua, alijua amefunga Ramadhani kwa jinsi sauti inavyokauka alasiri. Walikuwa wanaitana kwa majina ya stesheni. Yeye alikuwa "Kahe" na mwenzake alikuwa "Taveta". Mama alipomzaa dada yangu mkubwa, mtu wa kwanza nje ya Kahe kupata habari alikuwa Taveta, kwa sababu baba alikuwa zamu. Taveta akasema, "Mwite Neema, na umwambie ana baba mdogo huku." Dada yangu anaitwa Neema mpaka leo. Sikuwahi kujua jina limetoka wapi.

Siku ile ya Februari, baba alipiga kuomba njia kwa treni ya mizigo. Taveta akachelewa kujibu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba amepewa maagizo asitoe njia. Baba akauliza mpaka lini. Taveta akasema: "Sijui, ndugu yangu. Tutaongea kesho." Baba aliandika kwenye daftari la treni: njia imekataliwa, na saa. Kesho yake alipiga. Simu ililia upande wa pili, haikuokotwa. Akapiga kila zamu kwa wiki mbili, ingawa hakukuwa na treni ya kuombea njia. Stesheni masta wake alimwona akipiga, hakumkataza.

Nilimuuliza jina halisi la Taveta ni nani. Akanyamaza sana. Akasema, "Alinitajia mara moja, mwaka wa kwanza. Sikuandika."

Wakuu, nilitoka nje.

MpareWaLembeni · Jumatano, saa 4:47 usiku

Dada, nimeshindwa kulala. Baba yako ni mtu.

FundiReliArusha · Alhamisi, saa 3:00 asubuhi

Habari za asubuhi. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, nyumbani Usa River. Naomba niongelee mbele kidogo, kwa kuwa uzi huu utasomwa na wanaoamua.

Upo mpango wa reli ya kisasa ya Tanga, Arusha hadi Musoma, zaidi ya kilomita 1,000. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ya kisasa 1,435. Treni ya upana mmoja haipiti kwenye mwingine. Na treni ya mwendo kasi haiwezi kusimama kila kijiji, ikisimama hovyo haiwi ya mwendo kasi. Angalieni ile ya Dar hadi Morogoro iliyoanza kubeba abiria 2024: katikati kuna Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, basi. Sipingi, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ishara na ruhusa za njia zinatolewa kwa mitambo kutoka mbali, haihitaji mtu wa kutembea na taa.

Ninachokiogopa ni kwamba siku hiyo ikifika watu watasema reli ya zamani haina kazi, iuzwe chuma chakavu. Mimi naona zinaweza kuishi zote mbili. Ile mpya ya watu wa mbali, hii ya zamani ya mizigo mizito isiyo na haraka: saruji, mbolea, mahindi, sukari. Gunia la saruji halijali kufika kesho. Lori moja la tani 30 linaiumiza barabara kuliko magari madogo mengi sana, na mabehewa ishirini yanavutwa na injini moja. Tulipata nafasi ya kujifunza: njia hii ilikufa, ikasafishwa ikiwa imeota miti, treni zikarudi Moshi 2019 na Arusha mwaka uliofuata. Kuifufua kuligharimu kwa sababu iliachwa. Kuitunza kungekuwa nafuu.

MstaafuTabora · Alhamisi, saa 4:10 asubuhi

Kijana umesema kweli. Ongeza jambo moja. Njia ikiachwa, hukai miaka mitano kabla hujakuta reli zimeng'olewa. Nimeona kwa macho yangu mataruma ya chuma yakiwa nguzo za zizi la ng'ombe, na vipande vya reli vikiwa daraja la mtaro. Zamani gengi lilikuwa linakagua kila asubuhi kwa miguu, na mkaguzi anapita na kiberenge, kile kigari kidogo cha relini. Mwizi alijua njia ina wenyewe. Gengi likiondolewa, pale porini hakuna anayejua leo limetoweka nini.

Na ninyi mnaokaa kandokando ya njia ya Kahe kwenda Moshi, kumbukeni treni zinapita. Msianike mpunga kwenye reli, wala watoto wasikae pale jioni. Treni nzito hata dereva akikuona mbali haisimami pale anapotaka yeye.

MtuWaBuraTaita · Ijumaa, saa 2:30 usiku

Hamjambo jirani zangu. Mimi ni Mtaita, nyumbani Bura, nafanya kazi Voi. Rafiki yangu wa Holili amenitumia uzi huu, nikausoma kwenye matatu hadi nikapitiliza stejini.

Njia hii kwetu tunaijua pia kama ya mkonge, maana mashamba ya Taveta, yale ya mlowezi Grogan, yalikuwa yakitoa mzigo kwa reli. Leo upande wetu vichaka vimeingia kati ya reli, na Maktau ng'ombe wanalala kwenye njia.

Mjomba wangu mkubwa alikuwa gengi, Maktau na baadaye Taveta. Yuko hai, ana miaka 84, macho yameisha lakini kichwa kizima. Kesho naenda Bura. Nitamuuliza nani alikuwa akishika simu Taveta miaka ile. Dada, naomba unieleze zamu za babako zilikuwa za usiku au mchana, itasaidia.

BintiStesheni · Ijumaa, saa 2:52 usiku

Kaka, Mungu akubariki. Zamu zilikuwa zinabadilika, ila anasema walikutana zaidi usiku, kuanzia saa nne hadi alfajiri. Na anasema Taveta alikuwa na tabia ya kutaja namba ya treni mojamoja kama mwalimu anayesoma imla.

Kesho Jumamosi nampeleka baba Kahe. Daktari ameruhusu.

NjiaPandaHimo · Jumamosi, saa 1:15 asubuhi

Shangazi amejibu. Babu alikuwa anabeba kahawa? Hapana, alikuwa anabeba ngozi za mbuzi, anazipeleka Voi. Treni ikichelewa walilala kwenye kibaraza cha stesheni Kahe, na shangazi anakumbuka babu akisimulia kwamba kulikuwa na kijana wa stesheni aliyekuwa anawaachia taa moja iwake usiku ili mbu na nyoka wasiwasogelee. Sijui kama ni mzee wetu. Dada, mkitaka gari la kwenda Kahe leo, mimi niko Njia Panda tangu sasa. Sihitaji nauli.

BintiStesheni · Jumamosi, saa 3:40 usiku

Tumerudi. Kaka wa Himo ametupeleka na kuturudisha, amekataa hata hela ya mafuta.

Baba alishuka kwenye gari akasimama, hakwenda kwenye jengo. Alikwenda moja kwa moja upande wa mashariki, anatembea na fimbo kwenye majani, akasimama mahali ambapo mimi sikuona kitu. Akasema, "Pointi ya Taveta ilikuwa hapa." Tukafukua kwa mguu kidogo, chini ya udongo kulikuwa na kokoto. Kokoto za reli, zile za mawe yaliyopasuliwa, katikati ya udongo mweusi wa Kahe usio na jiwe.

Kisha akatuonyesha chumba. Meza ilikuwa huku, simu ukutani huku, daftari la treni huku, saa kubwa pale, kabati la tiketi za kadibodi na mashine ya kugonga tarehe pale. Dirisha lilikuwa lazima lielekee njia, ili umwone mtu wa pointi anaponyanyua taa. Nimepima kwa hatua, nimechora, nimeandika kila alichosema. Kurasa kumi na saba. Kuhusu ile taa ya kibarazani, alisema walikuwa vijana watatu pale, na wote walikuwa wakifanya hivyo, kwa kuwa mafuta ya taa yalitolewa na shirika na hakuna aliyeona sababu ya kuwaacha watu gizani.

Kaka wa Himo alimshika mkono kumrudisha kwenye gari. Walikaa pamoja kiti cha mbele.

MtuWaBuraTaita · Jumapili, saa 9:20 alasiri

Dada, nimekaa na mjomba tangu asubuhi. Nilipomwambia kuhusu kutaja namba mojamoja alicheka mpaka akakohoa. Anamjua.

Mwenzake na babako alihamishiwa Voi mwaka uleule wa 1977, na alifariki 1998. Jina nimekutumia faragha, ni haki ya familia yake kuamua kama liwe hapa. Ana mtoto wa kike anayefundisha shule huku kwetu, nitamtafuta kesho.

Mjomba anasema kwa miaka mingi mzee huyo akikutana na mtu yeyote aliyetoka Moshi alikuwa anamuuliza kama anamjua mtoto anayeitwa Neema.

BintiStesheni · Jumapili, saa 11:05 jioni

Nimemsomea baba. Nimemtajia jina. Amelirudia mara tatu, polepole, kama anavyorudia namba ya kibali. Ameniambia niandike kwenye daftari, na saa.

Kisha ameniagiza nikuulize jambo moja, kaka: alikuwa mrefu au mfupi?

MtuWaBuraTaita · Jumapili, saa 11:31 jioni

Mjomba anasema mrefu, mwembamba, na alikuwa na kigugumizi. Akiongea na mtu ana kwa ana neno moja lilikuwa linachukua dakika. Lakini kwenye simu ya reli, akitaja namba, hakikuwahi kumpata hata siku moja.